Tahariri: Maradhi ya Huzuni si Upungufu wa Imani

 

Tahariri ya mwezi huu ni kulipa deni. Mwaka jana, katika ukurasa huu huu, tuliandika kwa ukali juu ya watu wanaoipa misikiti mgongo. Miongoni mwa mifano tuliyoitoa ulikuwemo wa muadhini mmoja ambaye, baada ya miaka kumi na moja ya kuadhini Alfajiri bila ya kukosa, aliacha ghafla, akawa haonekani hata siku ya Ijumaa. Jina lake hatukulitaja. Hata hivyo mtaa wake wote ulimtambua, na wapo waliosimama karibu na mlango wake wakayasoma maneno yetu kwa sauti ili ayasikie. Tuliandika kwamba dunia imemteka na kwamba moyo wake umeingia kutu. Hayo tuliyaandika bila hata mmoja wetu kwenda kumjulia hali.

Aliyetuzindua ni mkewe. Alimwendea mke wa imamu, akamweleza kwamba mumewe huamka saa nane za usiku na usingizi usirudi tena. Kwamba wakati wa Alfajiri ukiingia huvaa kanzu yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, na miguu ikakataa kumnyanyua. Kwamba chakula kimekuwa kama mchanga mdomoni mwake. Kwamba hutokwa na machozi mbele ya wanawe naye mwenyewe asijue analilia nini. Mara mbili alimwambia mkewe kwamba nyumba ile ingekuwa na heri zaidi kama yeye asingekuwemo. Hapakuwa na msiba, wala deni, wala ugomvi wa mirathi. Leo yumo katika mwezi wa sita wa matibabu katika hospitali ya serikali, na alhamdulillahi hali yake inaendelea vyema. Tulipomwendea kumtaka radhi, ni yeye aliyetuomba tuandike haya, kwa sharti kwamba jina lake libaki lilipo.

Basi tunasema waziwazi mbele ya jamaa: tulimdhulumu ndugu yetu, na tunamwomba msamaha.

Kosa letu lilikuwa na mzizi, na mzizi huo haumo katika ofisi ya jarida hili peke yake. Qur'an Tukufu inatufundisha kwamba nyoyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Allah. Hiyo ni haki isiyo na shaka. Lakini wengi wetu tumeigeuza haki hiyo juu chini, tukawa tunahukumu kwamba kila moyo usiotulia ni moyo uliomsahau Mola wake. Maneno hayo ya pili hayamo ndani ya Kitabu. Ni sawa na mtu asikiaye kwamba asali ina ponyo, kisha akimwona mgonjwa akamwambia, "Wewe huli asali."

Tumtazame Nabii Yaqub (a.s.). Alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe mwenyewe wakamlaumu kwamba atajiangamiza kwa kumkumbuka. Je, huyo alikuwa na upungufu wa imani? Nabii Musa (a.s.) alihisi hofu nafsini mwake zilipotupwa kamba za wachawi. Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, alipobanwa na uchungu wa uzazi chini ya mtende alitamani lau angelikuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile. Wala hatusomi kwamba alikemewa. Alituzwa moyo, akaoneshwa maji ya kunywa na tende za kula. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka, na Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) alipostaajabu alijibiwa kwamba machozi yale ni rehema. Naye Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza wafiwa na wagonjwa wapikiwe uji wa shayiri, talbina, kwa kuwa alijifunza kwa Mtume (s.a.w.) kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Zingatieni jambo hili: huzuni ilitafutiwa kitu cha kuingia tumboni, haikuachiwa mawaidha matupu.

Katika karne zilizofuata wanazuoni wetu waliendeleza njia hiyo, na mmoja wao anastahiki kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Abu Zayd al-Balkhi alizaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, yapata mwaka 850, baba yake akiwa mwalimu wa watoto. Alisafiri ujanani hadi Baghdad, akasoma kwa al-Kindi, kisha akarejea kwao, akafariki mwaka 934. Watu wa jiografia wanamkumbuka kwa ramani zake. Lakini aliandika pia kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, chenye sehemu mbili: milango 14 juu ya afya ya mwili na milango 8 juu ya afya ya nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuiacha nafsi, ilhali maradhi ya nafsi ndiyo yanayompata mtu mara nyingi zaidi. Yumkini mtu akaishi miaka mingi asiugue ugonjwa mkubwa wa mwili, lakini hakuna asiyepitiwa na ghadhabu, hofu au huzuni, na pengine katika siku moja.

Maradhi hayo aliyagawa mafungu manne: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Kwa kila fungu alieleza linavyoanza na linavyotibiwa. Mwenye kuogopa kitu alishauri azoezwe kukikabili hatua kwa hatua mpaka nafsi ikizoee. Mwenye kusumbuliwa na wasiwasi alikatazwa upweke na kukaa bure, kwa kuwa fikra mbaya hupata nguvu pale mtu anapokuwa peke yake. Na kwa wote alitoa shauri moja ambalo sisi tulilisoma mara tatu: kama vile mtu mwenye busara awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo inavyompasa, wakati nafsi imetulia, ajiwekee akiba ya fikra zilizo sahihi, ili siku ya dhiki awe na kitu cha kuikabili.

Lakini lililotugusa kuliko yote ni maneno yake juu ya huzuni. Aliitenga mara mbili. Ipo huzuni ambayo sababu yake inajulikana, mathalani kufiwa au kupoteza mali. Hiyo tiba yake kubwa ni fikra na maliwazo. Na ipo huzuni isiyo na sababu inayojulikana, inayomfunika mtu na kumzuia asichangamke wala asione ladha ya chochote alichokuwa akikipenda. Ya pili hii, alisema, chanzo chake ni mwilini, katika hali ya damu, na kwa hiyo inataka dawa za mwili pamoja na mazungumzo mema na mambo yenye kumpa mgonjwa uchangamfu. Muadhini wetu ameelezwa ndani ya kitabu chenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, nasi tulikuwa tukimtafutia maelezo katika uvivu.

Hapa tunawaomba radhi wale ndugu wanaopenda kusikia kwamba kila elimu ya leo tuliivumbua sisi. Al-Balkhi alikosea katika mengi; nadharia yake ya damu kuchafuka si elimu inayofuatwa na matabibu wa sasa. Na sisi tuna sifa gani ya kujivunia, iwapo kitabu chake kilikaa katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul karne kwa karne pasina kufundishwa? Nakala ya picha ya mswada huo ilichapishwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1984. Profesa Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia Mwislamu aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyeitafsiri sehemu ya nafsi kwa Kiingereza na kuitoa mwaka 2013. Tunamtaja al-Balkhi ili anayedhani kwamba kuzungumzia maradhi ya nafsi ni desturi ya Wazungu aondokewe na dhana hiyo.

Na mwenye kudhani kwamba elimu ya dini humkinga mtu na maradhi haya, basi amsome Imamu Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, mwenye mamia ya wanafunzi. Katika kitabu chake al-Munqidh ameeleza mwenyewe jinsi ulimi wake ulivyofungika asiweze kufundisha, jinsi kinywaji kilivyokataa kushuka kooni na chakula kukataa kusagika, mpaka matabibu wakakata tamaa, wakasema hili ni jambo lililoshuka moyoni na kutoka huko likaenea mwilini. Yeye aliona ndani yake mkono wa Allah ukimtoa katika jaha na sifa, nasi hatuna haki ya kumtolea hukumu ya kitabibu baada ya karne tisa. Tunachosema ni kwamba Hujjatul Islam mwenyewe hakuona aibu kuyaandika hayo. Sisi tunaona aibu hata ya kuonekana katika mlango wa kliniki.

Elimu ya sasa inasema nini? Inasema kwamba hisia si kitu kinachoelea hewani. Zina njia zake ndani ya mwili. Mtu akiona nyoka, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, yenye umbo la punje ya lozi, hutoa tahadhari kabla akili haijamaliza kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, moyo hupiga mbio, mikono hutoa jasho. Kisha hufuata homoni nyingine, kortisoli. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Lakini hofu isipoondoka, kwa sababu ya vita, ukatili wa nyumbani, njaa, au fikra isiyokatika, mwili hubaki katika tahadhari ile kwa miezi, usingizi huharibika, na nguvu huisha. Ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu wetu huuita sonona, hutambuliwa pale ambapo kwa wiki mbili au zaidi mtu amezama katika majonzi, au amepoteza hamu ya kila kitu, pamoja na kuharibika usingizi, hamu ya chakula, uzingativu na nguvu, kujilaumu kupita kiasi, au kuyafikiria mauti. Urithi wa damu una sehemu yake, na mitihani ya maisha ina sehemu yake. Mara nyingine hali kama hiyo huletwa na tezi ya shingo iliyopungua kazi au na upungufu wa damu, na ndiyo maana tabibu mzuri humpima mgonjwa mwili kabla ya kumwandikia dawa. Akina mama wengi hupatwa nao baada ya kujifungua, na kisha huambiwa kwamba hawampendi mtoto.

Matibabu yapo. Zipo dawa, nazo hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa, na asiyejua hilo huziacha mapema na kusema hazifai. Yapo pia matibabu ya mazungumzo. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wa sonona hupitiwa na mawazo ya haraka yanayoidhalilisha nafsi, yanayoidhalilisha dunia na yanayofuta matumaini ya kesho. Akawafundisha kuyakamata mawazo hayo na kuyapima kama hakimu apimavyo ushahidi. Msomaji aliyeikumbuka akiba ya fikra ya al-Balkhi hakukosea.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa na maradhi ya nafsi au ya akili, jumla yao wakikaribia milioni 970. Na mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua. Kila imamu asimamapo mbele ya safu kumi za waumini, na ajue kwamba nyuma yake wamo.

Linabaki suala la majini, na hatutalikwepa. Sisi tunaamini kuwepo kwa majini, kwa kuwa Qur'an imesema. Kumsomea mgonjwa Qur'an na dua zilizothibiti ni Sunna, na hakuna daktari mwenye akili atakayeikataza. Tunachokipinga ni jambo jingine kabisa: mgonjwa kufungwa minyororo miezi mitatu katika nyumba ya mganga, kuchapwa bakora ati ndiye jini anayepigwa, kunyimwa chakula, na jamaa zake kuuza mbuzi na cherehani ili kulipia. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba, na akatufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia ponyo. Wakati Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo mwaka 1284, waliorukwa na akili walitengewa sehemu yao humo, wakatunzwa kwa mali ya wakfu. Waislamu wa zama zile walijenga wodi, na sisi twanunua minyororo! Msomaji mmoja atatuuliza: je, nimpeleke kwa shekhe au hospitali? Mpeleke hospitali, na shekhe aende kumsomea huko huko.

Hospitali zetu za fani hii ni chache, na hilo ni kweli. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja zina majina ambayo watu huyatumia kutukanana, na hiyo nayo ni dhambi yetu. Madaktari bingwa hawatoshi, na waliopo wamejaa mijini. Lakini jirani zetu wa Zimbabwe wameonesha kwamba si kila kazi humngoja bingwa. Daktari wa akili Dixon Chibanda wa Harare alimpoteza kijana mmoja aliyekuwa mgonjwa wake; alijiua, na mama yake akaeleza kwamba walikosa nauli ya basi ya kuja hospitali. Baada ya hapo daktari huyo aliwachukua mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, wasio na shahada yoyote, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Maradhi hayo mabibi hawakuyapa jina la kigeni. Waliyaita kwa Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha zahanati 24 za Harare, ulionesha kwamba baada ya miezi sita, katika waliokaa na mabibi ni kiasi cha 14 tu kati ya kila 100 waliobakiwa na dalili za sonona, ilhali katika waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 kati ya kila 100.

Misikiti yetu haina haja ya kununua mabenchi. Tuna baraza. Baada ya Alasiri wazee huketi hapo na kahawa yao, na mengi yanayozungumzwa, Allah atusamehe, ni habari za watu. Tunapendekeza kwa kamati za misikiti mambo yafuatayo, na tunayapendekeza baada ya kushauriana na muuguzi wa kliniki anayoihudhuria ndugu yetu. Wachaguliwe wazee wawili na mama wawili wenye siri, waombe mafunzo katika zahanati iliyo karibu, na waumini wajue kwamba watu hao husikiliza na hawasimulii. Imamu awe na siku za kliniki ya akili zimeandikwa nyuma ya mlango wa ofisi yake. Sanduku la msaada litenge nauli, kwa kuwa tiba ya maradhi haya ni ya kurudi na kurudi tena. Na mtu wa safu ya kwanza akikosekana wiki mbili, aendewe nyumbani kwa salamu, si kwa lawama.

Mkifika kwake na mkasikia kauli kama ile aliyoambiwa mke wa muadhini wetu, msibadilishe mazungumzo. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua; wataalamu wamehakikisha kwamba kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha msimwache peke yake, ondoeni sumu za shambani na dawa nyingi zilizomo nyumbani, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Kujiua ni haramu, na kila mmoja wetu anaijua hukumu hiyo, na mgonjwa anaijua kuliko sisi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayomzuia. Haimfai kitu kukumbushwa kwa kelele. Na ikitokea kwamba qadari imetangulia, wanazuoni walio wengi wamefundisha kwamba Mwislamu huyo huswaliwa, basi wafiwa wake wasiachwe na jeneza mlangoni.

Neno la mwisho ni kuhusu Ramadhani, maana maswali yamekwisha kuanza kutufikia. Mgonjwa wa akili anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya funga pasina kumwona daktari wake. Dawa nyingi huweza kuhamishiwa usiku. Anayetumia lithiamu awe na hadhari kubwa zaidi, kwa kuwa mwili ukikaukiwa na maji kiwango cha dawa hiyo katika damu hupanda na kuweza kuwa sumu. Akishauriwa asifunge, basi ameingia katika ruhusa ambayo Allah amempa mgonjwa, na mgonjwa wa nafsi ni mgonjwa.

Ndugu yetu hajarudi kuadhini Alfajiri; dawa za usiku bado zinamlemea. Anaadhini Adhuhuri kwa siku ambazo anajiona ana nguvu, na kamati imekubali iwe hivyo mpaka atakaposema mwenyewe.

Wabillahi Tawfiq.